Herufi Moja Iliyobaki Kwenye Gunia

Majengo, Thika.
Siku ya kuamkia safari yako.

Mama,

Usicheke mwandiko. Unajua S yangu hutazama nyuma na N yangu hulala upande mbaya, na tangu ukiwa darasa la tatu umekuwa ukinisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu. Leo usisahihishe, soma tu. Nimeanza baada ya sala ya adhuhuri, na vile ninavyoijua kasi yangu, nitamaliza wewe ukiwa unarudi kutoka Witeithie kumuaga shangazi yako Mwanajuma. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako chini ya ile kanda ya video, ndio uipate ukiwa umeshafika India, mahali ambapo huwezi kutoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuniuliza, "Baba, ati umesema nini?"

Mambo ya sweta, dawa ya tumbo na kushona pasipoti ndani ya nguo sitaandika. Shangazi amekwambia mara mia, na ya mia na moja anakwambia sasa hivi. Mimi nataka kusema juu ya mama yako. Yule wa kwenye kanda.

Unakumbuka wiki iliyopita uliponiita studio kwa Njoroge, pale juu ya duka la viatu. Ukanivutia kiti mbele ya kompyuta, ukasema, "Baba, kaa hapa. Na usiguse kitu."

Nikakwambia, "Mashine zilikuwa zinaniogopa kabla hujazaliwa."

"Hii haiogopi mtu. Usiguse."

Njoroge naye akaingilia kutoka kule anakokata picha za pasipoti: "Mzee, wanasema ikifika mwaka elfu mbili hizi kompyuta zote zitazima siku moja."

"Basi mwambie msichana afanye haraka," nikasema, mkacheka wote wawili, na mimi nikaona nimeanza vizuri.

Halafu ukanionyesha. Kwanza ile ya zamani, vile tumeiona miaka yote: mama yako amekaa nje ya jikoni, njano yote kama amemwagiwa chai, ile duara nyeupe ya taa katikati ya picha kama mwezi umekaa begani kwake, na ule mstari mweusi unaopanda na kushuka usoni. Halafu ukabonyeza, ukanionyesha yako. Ukanieleza vile unaingiza vipande vya sekunde chache kwa sababu zaidi ya hapo kompyuta inashiba, vile unachukua picha moja moja na kusawazisha mwanga wake na wa jirani yake, vile ulivyoondoa nyuzi za shuka zilizokuwa zimemchora uso kama kimia. Miezi mingapi, kila jioni baada ya kazi ya harusi za watu? Mimi niliyasikia hayo yote lakini sikuwa nasikiliza. Nilikuwa natazama leso. Leso yake ilikuwa nyekundu, mama. Nilikuwa nimesahau. Miaka kumi kwenye kanda ilikuwa rangi ya chai, na mimi niliyeinunua nikakubali kwamba ilikuwa rangi ya chai.

Nilipotoa kitambaa kufuta jasho, halikuwa jasho.

Ndipo ukasema, "Sasa angalia huku nyuma yake, kwa mlango." Pale mlango wa jikoni palikuwa na gunia limetundikwa kama pazia. Ukaonyesha kwa kidole: A, W, A, H, A. "Imebaki moja ya mwisho, imeingia ndani ya ile taa. Awaha-nini? Ni kampuni gani hiyo, Baba?"

Nikasema, "Ni kampuni ya zamani. Ilifungwa."

Njoroge akanitazama juu ya miwani. "Awaha? Mimi nimezaliwa hapa Thika na sijawahi kuisikia."

"Wewe ulikuwa unanyonya."

"Iko tu sawa," ukasema. "Nitaimalizia India. Huko chuoni wako na mashine kubwa. Ni herufi moja tu."

Mama, herufi hiyo ni K. Na haiko mwisho, iko mwanzo. Hilo lilikuwa gunia la kahawa kutoka kule Ruiru, limeandikwa KAHAWA kwa rangi nyeusi, na mtoto yeyote angesoma kama lisingekuwa limegeuka. A ukiigeuza ni A. W ni W. H ni H. Ni K peke yake inayosema ukweli, na kwa bahati yangu ilijificha ndani ya taa miaka kumi yote.

Utaitoa. Wewe nakujua, kichwa chako ni kigumu kama changu. Utaitoa huko India siku moja jioni, utaona K inatazama nyuma kama za baba yako, utajua gunia limegeuka. Halafu macho yako yatashuka kutoka kwa gunia mpaka kwa mama yako, mpaka kwa mkono unaoshika kisu cha sukuma wiki. Mkono wa kushoto. Utakaa hapo peke yako, mbali na sisi, na mashine itakuwa imekwambia kitu ambacho baba yako alikuwa nacho mdomoni tangu ukiwa na miaka kumi na miwili. Sitaki ukisikie kwa mashine.

Mama yako hakuwa mashoto. Alikata sukuma kwa mkono wa kulia, alikula kwa wa kulia, alinipungia kwa wa kulia. Ni mimi nilimgeuza.

Sasa nikueleze vile mtu mwenye ujuzi kama wangu alifanya kosa kama hilo, kwa sababu mtu asiyejua chochote hangeliweza. Lazima uwe unajua sana.

Nimekusimulia habari za gari la sinema mpaka umechoka, lakini hii moja sijakusimulia. Unajua kwamba kutoka Thika mpaka Ruiru, na mashamba yote ya kahawa hapo katikati, hakuna mtu aliyeendesha mtambo wa sinema kama Ramadhani. Hata tajiri wangu alikuwa anakubali. Tukifika shambani tunasimamisha milingoti miwili, tunafunga kitambaa cheupe, na watu wanajaa pande zote mbili. Mbele wanakaa makarani na wazee. Nyuma ya kitambaa wanakaa waliochelewa, na picha wanaiona vilevile, ila imegeuka. Huko nyuma, yule mama wa tangazo la sabuni anafua kwa mkono wa kushoto, na askari wanapiga saluti kwa mkono wa kushoto, na hakuna mtu analalamika.

Mimi kabla ya kupewa mtambo nilikuwa mtu wa kamba. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya kitambaa kuangalia kisipeperuke na upepo. Shule unajua sikwenda. Hizi herufi nilizisoma huko, kwenye majina yanayotokea mwanzo wa picha, na nilizisoma kutoka nyuma. Mtu wa mbele akisoma SABUNI mimi nasoma INUBAS, na nilijua ni kitu kimoja. Baadaye nikajifunza na za mbele. Nilikuwa najigamba: makarani wanasoma upande mmoja, mimi nasoma pande zote mbili! Ndiyo sababu S zangu. Na ndiyo sababu siku nilipolitazama lile gunia kwenye kanda, sikuona kasoro yoyote. Jicho langu lilisoma kahawa, likapita.

Ile filamu yenyewe nayo ilipatikana hivi. Tajiri alipohama nchi aliniachia kamera ndogo na mtambo wake mdogo, wa filamu nyembamba kama kidole cha mtoto. Na filamu moja tu iliyobaki, ya dakika tatu. Tulikuwa bado tunaishi Ruiru, wewe una miezi minne umelala ndani. Dakika tatu, mama, na unajua nilizifanyia nini? Dakika mbili na zaidi nilipiga picha gari. Gari kutoka mbele, gari kutoka ubavuni, tairi, mpini wa mlango, mbuzi wa jirani anapita karibu na gari. Umeziona. Tulipoanza kuitazama kanda ulikuwa unauliza, "Baba, mama anakuja saa ngapi?" na mimi nakwambia subiri, tazama kwanza ile injini. Mama yako nilimpa sekunde arobaini zilizobaki, kwa sababu aliniita kula.

Mwaka uliofuata akaugua kifua. Wiki mbili tu. Wewe hata kutembea ulikuwa hujatembea vizuri. Baada yake nilikuwa na picha moja ya kitambulisho, ambayo amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimwambia asicheke, na hizo sekunde arobaini ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati, chini ya mabati. Miaka kumi mabati yakaipika. Nilipoufungua ulitoa harufu ya siki.

Nikaupeleka kwa Njoroge. Akainusa, akaivuta kidogo kwa vidole, akasema, "Mzee, hii imesinyaa. Haya matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya mtambo wako. Ukiizungusha itakatika. Kuna mahali Nairobi wako na mashine ya polepole, wanahamisha picha moja moja. Peleka huko, usiiguse."

Yeye alikuwa kijana na shati la maua. Mimi nikamwambia, "Wewe unanifundisha sinema?"

"Sikufundishi, mzee. Nakuomba."

"Nikodishie kamera yako ya harusi na unyamaze."

Neno hilo moja, "Nakuomba", nimelisikia sana usiku tangu wakati huo. Mtu aliniomba, kwa faida yangu mwenyewe, na mimi nikasikia kama nimetukanwa. Ukiniuliza nimejifunza nini kwa miaka yote hii, ni hapo tu: nilikuwa sijui kutofautisha anayenidharau na anayenisaidia. Sauti zao kwangu zilikuwa moja.

Nikafunga shuka ya harusi yetu katikati ya chumba. Mtambo upande huu, kamera ya Njoroge upande ule, nyuma ya shuka, kwa sababu ukiiweka mbele inajipiga kivuli. Nyuma ya kitambaa! Mahali pangu! Nilijiona nimerudi kazini. Mtu mwingine yeyote angefikiria, picha itatoka imegeuka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma miaka mingi hata nilisahau kwamba ni nyuma.

Ikazunguka mara moja. Nilisikia matundu yakipasuka, tatata, kama mtu anachana kitambaa, na sikuzima. Ilipofika mwisho ilikwama mbele ya taa, ikayeyuka kipande. Lakini kwenye kanda ilikuwa imeshaingia.

Nikachukua hayo mabaki, nikaenda nayo mpaka kwa Njoroge, nikayamwaga nyuma ya studio yake. Nikamwonyesha kanda. "Hii hapa. Nairobi imekuja Thika."

Akainama kuokota. "Mzee, hata vipande hivi mtu huvitunza."

"Hiyo ni takataka. Sinema imeshahamia hapa." Nikatoa kiberiti.

Mimi nilikuambia panya ndio walikula ile filamu. Ulipoanza kazi hii ya kusafisha ulikuja ukaniuliza mara ya pili, ukasema kanda ni kama mtu anayekusimulia harusi aliyoichungulia dirishani, lakini ukipata filamu yenyewe, hata iliyokatika, hata iliyooza, ungetoa mpaka kope za mama. Mpaka kope. Nikakwambia tena panya, na nikawalaani hao panya mbele yako kwa sauti kubwa. Mama, panya ni mimi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Na Njoroge alijua, na miaka yote hiyo amekuajiri na amekaa na wewe chumba kimoja hakukwambia, ili usinichukie. Yule kijana wa shati la maua.

Halafu siku ya kuonyesha. Kwa jirani, kwenye televisheni yake, nyumba imejaa. Mimi nimekaa mbele kama bwana harusi. Na wewe chini kwenye mkeka, miaka kumi na miwili.

Hapo lazima nitaje kile ambacho tangu siku hiyo hatujawahi kukitaja. Wakati huo mkono wako wa kushoto ulikuwa na alama. Kila ukiupeleka kwenye sinia, nakupiga mwiko. Kila ukishika penseli nao, mwiko. Mwezi mmoja mzima wa Ramadhani nilikufunga huo mkono kwa leso kiunoni wakati wa kufuturu, ukala ukilia, na nikasema ninakufundisha adabu. Nilikupa jina la mama yangu mzazi, Halima, nakuita Mama, na ninakupiga.

Ikafika ile sehemu yake. Ukaona kisu. Ukasimama katikati ya watu, ukapiga kelele, "Baba! Mama alikuwa mashoto! Mama alikuwa mashoto kama mimi!"

Watu wakacheka kwa furaha. Mimi nikaangalia, na hapo ndipo nikaona. Hapo, si kabla. Nikamtazama shangazi yako, na yeye ananitazama, kwa sababu yeye alipika na mama yako jiko moja. Akafungua mdomo. Nikamkazia macho akaufunga.

Wewe ulikuwa umeinua mkono wako juu, ule wa alama, unaulinganisha na ule wa kwenye televisheni.

Nani angesema wakati huo? Niambie. Jioni ulikaa chini na kitabu cha shule, ukachukua penseli na mkono wa kushoto, ukanitazama. Hukutazama kitabu, ulinitazama mimi. Nikatoka nje kwenda kuangalia kuku. Na mwiko haukurudi tena. Baada ya hapo ulianza kuchora, ukaanza kuongoza darasa, ukaanza kujibu wakubwa. Maalim alipokusema madrasa ulimwambia, "Mama yangu alikuwa hivi na alikuwa mtu wa Mungu," na Maalim akaja kuniuliza kama ni kweli, na mimi nikasema ni kweli. Ule uongo ulikufanyia kazi ambayo mimi baba yako nilishindwa kukufanyia. Kila nikitaka kuuondoa naona utaanguka nao.

Shangazi yako hakuniacha. "Ramadhani, Zuhura hakuwa mashoto."

"Najua."

"Basi mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

Miaka kumi. Na juzi, mbele ya ndoo ya maji, akasema, "Yasipotoka kwako yatatoka kwangu, pale pale uwanja wa ndege, mbele ya wazungu. Wewe si ni mwanaume? Kila siku wewe ni simba wa Majengo. Mwambie."

"Nitamvunja moyo."

"Utamvunja. Halafu umalizie. Mwambie na ile ingine."

Hiyo ingine ndiyo nimeifikia sasa, na nimeshakwenda mara mbili mlangoni kuangalia kama unakuja.

Umeona kwamba tangu nianze habari ya siku ya kuonyesha mwandiko umebadilika? Utakuwa umefikiri mzee amechoka. Sijachoka. Mkono wa kulia ulikataa kuandika hayo, nikahamisha kalamu kwa wa kushoto. Nimebadilisha kwa mara ya kwanza mbele ya karatasi tangu nizaliwe, na unakwenda, mama. Unakwenda wenyewe, kama ng'ombe aliyefunguliwa. Hata S imetoka sawa mara moja, iangalie.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mkonge, na nyumbani kamba hazikukosekana. Alinifunga mkono huu kiunoni kila siku asubuhi mpaka jua linazama, sijui miaka mingapi. Shangazi yako akiwa mdogo kuliko mimi ndiye alikuwa ananifungua wakati mzee ameenda msikitini, nakaa dakika chache nachora chini mchangani, halafu ananifunga tena kabla hajarudi. Nikawa mtu wa mkono wa kulia. Nikawa hodari, nikajisifu, nikasema mkono wangu wa kulia hauna mwenzake. Mahali pamoja tu ndipo niliutumia huu: gizani, nyuma ya mtambo. Watu elfu wanatazama picha, hakuna hata mmoja anayegeuka kumtazama anayeionyesha. Hapo nilifunga filamu kwa mkono wa kushoto, macho yamefumba, na nilikuwa hodari kweli. Si majigambo hayo. Au ni majigambo, lakini ni ya kweli.

Wewe ulipokuwa huna hata meno ulinyoosha mkono kuchukua kijiko, wa kushoto. Nilifurahi kama nusu dakika. Halafu nikaogopa. Nimewaambia watu nilikupiga ili wengine wasikupige. Huo nao ni uongo. Nilikupiga kwa sababu nilipouona mkono wako niliuona wangu, na nilikuwa nimewahakikishia watu wote kwamba mkono huo umekufa.

Kwa hivyo haukutoka kwa mama yako. Umetoka kwangu. Najua utaona umepoteza kitu kizuri umepewa kibovu. Mimi mwenyewe ningekataa biashara hiyo.

Kuna mtu mmoja aligeuka. Shamba moja la kahawa pale Ruiru, watu wote wanatazama kitambaa wanacheka, na msichana mmoja amekaa karibu na gari, mgongo ameupa sinema, ananitazama mimi. Akasema kwa kile Kiswahili chao cha mashambani, "Wewe Lamadhani, kwani unashikanga na mkono gani?" Nikauficha mkono nyuma ya mtambo. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Haiya! Ni mashoto!" Nilitaka ardhi inimeze. Lakini hakumwambia mtu. Alisilimu tukaoana, akaitwa Zuhura, miaka yote hiyo hakumwambia mtu. Mbele za watu aliniita Baba Halima. Tukiwa wawili tu, nikigonga msumari au nikichonga mpini, alikuwa anaupiga piga huu mkono anasema, "Mashoto wangu." Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo nikataka kuitika.

Sasa unajua kwamba kwenye zile sekunde arobaini, mwishoni, anainua kisu kunielekezea na anasema neno. Sinema haina sauti. Umeniuliza tangu mtoto, na mimi nilikwambia anasema "Mama", anakuita wewe uliyelala ndani. Umesafisha midomo yake na ukanionyesha vile inavyofunga, ukasema, "Ni kweli Baba, ni M." Ni M, lakini si Mama. Nisamehe hilo pia. Alikuwa ananiambia mimi. Niliishika ile kamera na mkono wa kushoto, mchana, nje, mara ya kwanza, na yeye akaona.

Ukifika huko, geuza picha. Najua ni kubonyeza mara moja tu, nilimuuliza Njoroge jana na akaniambia bila kuniuliza kwa nini. Acha mama yako akate sukuma yake na mkono wake. Lakini kama hutaki, usigeuze. Wewe ndiye umemtoa kwenye uchafu niliomtia, na mimi sina tena cha kukuamuru. Kama utaamua kunyamaza mwezi mmoja bila kuandika, nitaelewa. Ukinyamaza miwili nitakuja huko kwa miguu.

Naomba kitu kimoja tu. Uliniambia kwamba pale mwisho, baada ya lile neno, picha inaruka ruka, na umejaribu kila njia kuituliza umeshindwa, na kwamba huko India watakufundisha namna. Ulifikiri ni mtambo wangu, au ni yale matundu yaliyopasuka.

Si mtambo, mama. Hapo usitengeneze. Hapo ni mimi nacheka.

Baba yako,
Ramadhani